Miguu Chini Mpaka Mama Aje

3 Machi
Asubuhi ya mawingu mepesi na upepo kidogo. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu.

Mdogo wangu,

Najua umeshacheka. Unasema, dada naye, hata barua anaianza kama shajara. Nimezoea hivyo, mkono unakwenda wenyewe. Wewe soma tu.

Mwanao hajambo. Jina la Nyundo limemkaa kabisa, hata majirani wamesahau lile la kwenye cheti. Juzi alipiga mlango wa bafu kwa kijiko mpaka rangi ikabanduka. Fundi Randa, seremala wa nyuma ya ukuta wetu, akachungulia akasema, "Huyo nimpe kazi. Anapiga kuliko vijana wangu."

Kazi hakumpa, amempa baiskeli. Ya mbao, magurudumu mawili, laini hata ukipitisha shavu. Lakini haina pedeli wala mnyororo. Nikajua hajaimaliza. Nikamwambia, "Asante, Fundi. Na vile vingine utaleta lini?"

"Vingine vipi?"

"Vya kukanyagia."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Kumbe ndivyo zilivyo hizi za watoto wadogo. Mtoto anakaa, anasukuma ardhi kwa miguu, anatembea nayo uani wiki nzima, wiki mbili. Halafu siku moja, bila kuambiwa na mtu, anainua miguu na baiskeli inamchukua. Akishafika hapo, kubwa yenye pedeli haimshindi.

Fundi alikiweka kiti mwenyewe. Alimkalisha Nyundo, akatazama nyayo zote mbili zimekanyaga chini na magoti yamekunjika kidogo, ndipo akakaza bolti. Akaniambia, "Dada wa Mapokezi, hapa usipaguse mpaka mtoto arefuke. Hii haina breki. Breki zake ni nyayo."

Mwalimu Mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili ameiona, ameagiza za darasa zima la wadogo. Fundi anapiga mluzi toka asubuhi.

Kwenye mapokezi ya kliniki ni kama kawaida, watu wanaogopa sindano kuliko wanavyoogopa kuoza meno.

Dada yako

*

12 Machi

Dada,

Barua yako nimeisomea nyuma ya mashine za kukaushia, ndipo mahali pekee penye joto zuri na kelele za kumficha mtu anayecheka peke yake. Hapa kwenye dobi ya hospitali wananiita Mama Shuka. Nakunja shuka mpaka nikilala naota pembe nne.

Dada, nina ombi, na usiniambie ni la kitoto.

Alipopiga hatua ya kwanza nilikuwa nimeondoka wiki ileile. Ulinipigia simu ukiwa na furaha, nikakuambia "alhamdulillah," nikakata, nikaingia chooni nikalia mpaka msimamizi akagonga. Neno la kwanza alilisema kwako. Jino, kwako. Silalamiki. Kama si wewe ningemwacha na nani, na baba yake tunajua aliko, yaani hatujui. Lakini hili la baiskeli niachie mimi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Juni. Mngojeshe kidogo. Atembee nayo tu, asukume, acheze. Ile siku ya kuinua miguu nataka niwe nimesimama hapo uani. Moja tu, Dada. Nikose yote, hilo nilione.

Mdogo wako

*

21 Machi
Rasharasha alfajiri, imekatika kabla sijatoka. Ua una madimbwi.

Mdogo wangu,

Si la kitoto. Nimekuahidi.

Na usiwe na wasiwasi, bado anatembea nayo tu, kama mzee na mkongojo wake. Anaivuta mpaka mlangoni kwa Fundi, anaigonga ukuta, anarudi. Nimekiinua kiti kidogo, maana miguu yake inarefuka kama majani baada ya mvua.

Jioni akiipanda namwambia, "Miguu chini mpaka mama aje." Sasa anaimba hivyo hata akiwa kwenye beseni.

Kula vizuri. Sauti yako ya Jumapili ilikuwa nyembamba.

Dada yako

*

29 Machi

Dada,

Sauti si nyembamba, simu yangu ndiyo imezeeka.

Jumapili nilifurahi sana. Alipiga kelele "Miguu juu! Miguu juu!" mpaka sikio likaniuma, halafu nikasikia umeichukua simu mbiombio ukasema anataka kunyanyuliwa kitandani. Nikasema haya. Mtoto wa kudai kubebwa huyu, atakuvunja mgongo.

Mwambie mama amesikia.

Mdogo wako

*

6 Aprili
Jua kali tangu mapema. Hakuna upepo kabisa.

Mdogo wangu,

Kwanza: ni mzima. Soma hilo mara mbili kabla hujaendelea.

Jana Nyundo alianguka na baiskeli kwenye ule mteremko wa saruji unaoshuka kwenye tangi la maji. Amepasuka chini ya kidevu. Nilimkimbiza kliniki, Daktari mwenyewe akamshona nyuzi chache. Jino la mbele limelegea, lakini Daktari anasema litashika. Alilia sana, kisha akala ndizi upande mmoja wa mdomo, kisha akalala.

Daktari aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia kiti kilichomoka. Nadhani Fundi hakukaza bolti sawasawa. Watu wa kazi nyingi ndivyo walivyo.

Nisamehe kwamba sikuwa karibu naye. Nilikuwa jikoni, naona dirishani, sikuwahi.

Dada yako

*

14 Aprili

Dada,

Nimekaa na barua yako siku nzima mfukoni, kila nikikunja shuka naisikia.

Hukukosa kitu. Mtu hawezi kukaa na mkono chini ya kidevu cha mtoto saa zote. Aliyekosa namjua. Nimemwandikia Fundi Randa, na sikumpaka mafuta. Nimemwambia kama mikono yake haijui kukaza bolti moja, arudi kwenye meza na makabati, vitu visivyobeba watoto. Nimemwandikia na Mwalimu Mkuu wa chekechea, nimemweleza yaliyompata mwanangu. Sitaki mama mwingine apokee barua kama niliyopokea mimi.

Mbusu palepale penye kidonda, lakini usiguse nyuzi.

Mdogo wako

*

23 Aprili

Kwa Mama Nyundo,

Mimi ni Fundi Randa. Barua yako imefika. Nimeisoma peke yangu, halafu nikawasomea vijana wangu kwa sauti, ili wajue bolti ni nini.

Sina la kujitetea. Nilikwenda kwa dada yako kuitazama ile baiskeli, akanipa bila maneno mengi, kiti kiko mkono mmoja na fremu mkono wa pili. Nimeikagua mpaka macho yakauma. Nati iko nzima, mbao haijapasuka. Kwa hiyo ni mkono wangu. Nilikaza nikiwa naongea, nadhani. Siku ile nilikuwa namcheka dada yako kwa habari ya pedeli, na fundi anayecheka huku ameshika spana ndiye mimi.

Mwalimu Mkuu ametuma mtu kusema hazitaki tena. Ana haki. Zile nilizokuwa nimemaliza nimezipasua kuni. Nisingeweza kuziuza kwingine huku najua sijui kosa liko wapi. Ikiwa sikuliona kwenye moja, nitalionaje kwenye nyingine?

Kijana wako alinipitia jana. Alinionyesha kidevu kama mtu anavyoonyesha kiatu kipya. Nimemchongea gari dogo lisilopandika. Naomba umruhusu alichukue.

Ni mimi, mwenye kosa,
Fundi Randa

*

1 Mei

Dada,

Nakutumia barua ya Fundi, maana sijui niiweke wapi. Nilitaka anijibu kwa ubishi ili niendelee kumkasirikia. Sasa ameniachia hasira yangu mkononi kama nguo ya mtu nisiyemjua.

Amepasua kuni, Dada. Zote.

Niambie kitu kimoja. Ile bolti uliiona kwa macho yako ikiwa imelegea?

Mdogo wako

*

9 Mei
Ukungu mpaka saa mbili. Taa za barabarani hazikuzimwa.

Mdogo wangu,

Sikuiona imelegea. Niliilegeza mimi.

Nitaandika kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio nitaanza kujihurumia.

Nyundo aliinua miguu mwezi wa tatu, barua yako ya ombi ikiwa bado njiani. Nilikuwa dirishani na sufuria. Alisukuma, akasukuma, kisha miguu ikatoka ardhini yote miwili na baiskeli ikaenda yenyewe, yeye juu yake, mdomo wazi. Alicheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho. Nami nikafurahi. Nataka ulijue hilo pia: nilifurahi kwamba nimeona mimi. Mimi sikujaliwa wa kwangu, na kila jambo lake la kwanza lilikuwa linaniangukia mimi, na kila mara nikikupigia simu kukupa habari, moyoni kulikuwa na kitu kinachojisifu. Nilijua unaumia. Nilikupigia hivyohivyo.

Kisha barua yako ikaja. Nikaona aibu. Badala ya kukwambia "ameshainua," nikaamua atakuwa hajainua. Nilidhani nikikurudishia hiyo moja, nitakuwa nimelipa zile nyingine zote.

Kila jioni nikamwambia miguu chini. Hakusikia, mtoto gani anasikia. Nikaazima spana kwa kijana wa Fundi, nikasema ni ya bomba. Nikakiinua kiti mpaka akawa anagusa ardhi kwa vidole tu. Nikajisemea, akikosa pa kusukumia hatapata mwendo, na asipopata mwendo hatainua. Ni mpaka Juni tu. Nilimsikia Fundi kwa masikio yangu akisema breki ni nyayo. Nilimwondolea mwanao breki, mdogo wangu, kwa mkono wangu, ili akungojee.

Siku ile alifika mwenyewe kwenye mteremko. Baiskeli ikashuka. Nikaona miguu inatafuta chini, inatafuta, haifiki. Hiyo ndiyo picha niliyo nayo nikifumba macho. Vile vidole vinavyotafuta.

Tuliporudi kutoka kliniki nilikuwa nimeshamdanganya Daktari. Uongo wa kwanza ukaomba mwenzake. Fundi alipotuma salamu kwamba anakuja kuitazama, nikalegeza bolti, nikakichomoa kiti, nikamkabidhi vipandevipande. Akanishukuru.

Na Jumapili ile, "Miguu juu" haikuwa ya kitandani.

Jana baada ya kazi nilikwenda karakana. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu alinisogezea kiti na sikuweza kukikalia. Hakusimamisha randa. Maranda yakawa yanamwagika miguuni kwake. Nilipomaliza, akapuliza ubao, akautazama kwa jicho moja kama umepinda.

Akasema, "Dada wa Mapokezi, umenikuta vibaya. Nilikuwa nimejitahidi wiki mbili kujisamehe, nikafaulu juzi. Sasa itabidi nianze upya, na safari hii ni wewe."

Nikamwambia, "Chukua muda wako."

"Nitachukua," akasema. "Mbao hazikauki kwa kuombwa radhi."

Kijana wake mmoja akacheka, Fundi akamtupia jicho. Leo asubuhi nilipita chekechea kabla ya kazi, nikamweleza Mwalimu Mkuu vilevile. Alinisikiliza, akaniuliza kama nakaa na watoto wengine. Nikamjibu hapana. Akasema, "Sawa," kwa namna ambayo nitaikumbuka.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ukitaka nimpeleke kwa mtu mwingine mpaka urudi, niambie ni nani, nitamfungia nguo zake.

Dada yako

*

17 Mei

Dada,

Nimeandika barua mbili kabla ya hii, nimezichana. Moja ilikuwa mbaya sana. Ya pili ilikuwa nzuri mno, hungeiamini.

Nilijua. Si habari ya kiti, ile ya kiti imenikata. Lakini "Miguu juu" nililijua palepale. Ningeacha kukijua kicheko cha mwanangu? Ulipochukua simu ukasema kitanda, nikasema haya, kisha nikaenda nyuma ya mashine nikacheza peke yangu na shuka kichwani. Wenzangu wakadhani nimepata habari ya kupandishwa cheo.

Nikangoja uniambie. Barua ikaja, hakuna. Nikasema, ananilinda. Na nikapenda, Dada. Nilipenda kudhani kuna mtu huko anajifanya kwa ajili yangu. Ningekuandikia siku ileile, "Najua, mwache aende," leo angekuwa na kidevu kizima. Sikuandika. Nilitaka kufika Juni, wote tujifanye, nipige makofi kama mgeni rasmi. Basi gawa hilo kosa, usilibebe peke yako kama tangi.

Fundi nimemwandikia. Barua ya kumwomba msamaha mtu aliyekwisha kukuomba msamaha ni ngumu kuliko kukunja shuka yenye mpira pembeni.

Kuhusu kumpeleka kwa mtu mwingine: sina mtu mwingine, na hata ningekuwa naye, nisingemhamisha. Lakini nimekukasirikia, na nitaendelea kidogo. Usiharakishe kunitoa humo.

Kiti kirudishe. Usimngojeshe tena kwa ajili yangu. Na akiinua miguu, niambie siku ileile, hata kama itaniuma. Nipe maumivu yangu, Dada, ni yangu.

Mdogo wako

*

26 Mei
Asubuhi baridi ya kupita, anga safi. Madimbwi yamekauka yote.

Mdogo wangu,

Umesema siku ileile, basi nakuandikia leo, jioni hii.

Alhamisi Fundi alikuja na spana yake mwenyewe. Hakuniita Dada wa Mapokezi, hakuniita kitu. Alimkalisha Nyundo, akatazama nyayo, akakaza, kisha akanipa spana na kuniambia, "Jaribu kuigeuza." Nikajaribu. Haikusogea. "Umeona," akasema, akaichukua, akaenda. Mwalimu Mkuu amemwagiza upya, nusu ya zile za mwanzo. Fundi amekubali. Mluzi bado.

Kidonda kimefunga, alama imebaki kama uzi mweupe, huioni mpaka atazame juu. Jino limeshika.

Siku za kwanza hakuipanda. Aliisukuma kwa mkono, amelikalisha lile gari la Fundi kwenye kiti, analiambia lishikilie. Jana akakaa. Leo nilikuwa jikoni, kwenye dirisha lilelile. Akasukuma mpaka ukutani, akageuka, akasukuma tena, na miguu ikainuka. Alipita na baiskeli kutoka ukuta wa Fundi mpaka kwenye kamba ya nguo, ametulia kama mtu mzima anayekwenda kazini.

Nikatoka mbio. Nilipiga makofi, nikapiga kelele, "Miguu juu! Juu hivyohivyo, baba!"

Akaniona. Akashusha miguu yote miwili, akasimama wima, akaniambia kwa adabu kabisa:

"Chini, Mama Mkubwa. Mama bado."

Nikachuchumaa, nikamwambia hapana, sasa ruksa, mama amesema inua. Akatikisa kichwa. Nikamsihi. Akanishika shavu, kama mimi ninavyomshika akikataa dawa, akasema, "Mama bado."

Nikaingia ndani. Nikasimama nyuma ya pazia. Alitazama mlango, akatazama dirisha, na alipoona hakuna mtu, akasukuma, akainua. Akazunguka ua mzima. Nilipogusa pazia tu, miguu chini.

Nilimfundisha vizuri, unaona. Jambo moja tu nililotaka kumfundisha mwezi wa tatu, ndilo alilolishika.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Mwisho wa Juni usipitie ndani. Pita lango la nyuma, la upande wa Fundi, usimame uani na mzigo wako. Mimi nitakuwa jikoni, mlango nimeufunga. Sitachungulia. Akiinua miguu mbele yako, usinipigie kelele nije nione. Utanisimulia baadaye, ukipenda.

Dada yako

27 Mei
Hewa imetulia, jua linachomoza bila wingu. Bahasha sikuifunga jana, naifunga sasa. Nilikuwa nimekaa kitini karibu na kitanda chake, natazama nyayo zilizotoka nje ya shuka. Usingizi ulinichukua saa tisa na nusu usiku.